Maua ya michungwa yanauzwa kabla ya mvua kutulia

Ukipita Muheza, mkoani Tanga, mwezi wa Novemba, vuli ikiwa imekaa vizuri, harufu ya maua ya michungwa inakufikia barabarani kabla hujauona mti wenyewe. Wageni huipenda sana. Mimi nikiisikia namkumbuka mjomba akiwa ameketi kwenye gogo mbele ya nyumba yake, na kijana mmoja aliyekuja na pikipiki akizunguka shambani, anakadiria mti mmoja mmoja kwa macho: huu utatoa matenga mangapi, ule mangapi. Kijana yule alikuwa dalali. Alikuja kununua maua.

Kununua maua ni kununua mavuno ambayo bado hayapo. Mnunuzi analipa leo, kisha anakuja kuchuma mwenyewe katikati ya mwaka unaofuata, miezi minane au tisa baadaye. Bei yake iko chini mno ukilinganisha na ya machungwa yaliyoiva, na mwenye shamba analijua hilo kuliko mtu yeyote. Anauza kwa sababu wiki hiyohiyo anahitaji mbegu.

Hapo ndipo ninapoomba tupatazame vizuri. Mchungwa wa huku kwetu hukaa na kiu kiangazi chote, na mvua za kwanza za vuli zikiushika ndipo unapofungua maua. Mvua hizohizo ndizo za kupandia mahindi. Kwa hiyo dalali, mbegu na vibarua wa kulima vyote vinabisha hodi pamoja kwa mtu ambaye kiangazi kimeshamla akiba. Vuli ikianza na kuendelea, anauza maua ya miti michache, anapanda mara moja, maisha yanasogea. Ikianza halafu ikakatika, ndiyo balaa.

Mwaka 2021 mjomba alipanda mara mbili. Mvua ilinyesha siku tatu, kijiji kizima kikaingia shambani, mahindi yakatoka hadi majani manne. Kisha jua likawaka wiki tatu. Nilipokwenda kumsalimia nilichimbua shina moja kwa kidole: udongo wa juu ulikuwa vumbi tupu, mzizi umekauka kama uzi wa kushonea. Machache yaliyokuwa bado na ubichi yalikuwa na viwavijeshi ndani ya kikonyo, maana wadudu hao hustawi kweli mvua inapokatika. Ikabidi arudishie shamba zima, na pesa ya mbegu ya pili ikatoka kwenye maua ya miti aliyokuwa ameibakiza.

"Mjomba," aliniambia (ndivyo tunavyoitana sote wawili), "mpaka mwakani sina hata mti mmoja wa kuuita wangu."

Tabia hii ya vuli ina chanzo chake baharini. Maji ya Bahari ya Hindi yakipata joto zaidi upande wetu kuliko upande wa Indonesia, mvua huzidi. Mambo yakigeuka, mvua huwa haba. Mwaka 2019 upande wetu ulichemka hasa, na mafuriko yakaua watu Handeni. Kuanzia 2020 hadi 2022 tukawa chini ya La Niña, yaani kupoa kwa maji ya Bahari ya Pasifiki kunakopunguza mvua zetu, na vuli zikawa za kubahatisha. Mwaka 2023 ikaja El Niño, ambayo ni kinyume chake, mvua ikawa nyingi kupita kiasi. Ndani ya miaka mitano mkulima yuleyule, kwenye ekari zilezile, amelia ukame na amelia mafuriko. Mvua kubwa ikikuta maua nayo huyapukutisha.

Mamlaka ya Hali ya Hewa hutoa utabiri wa msimu, na naishukuru. Lakini sisi huwekwa kwenye kapu moja la pwani ya kaskazini pamoja na Dar es Salaam, Unguja na Pemba. Amani, ambayo ni tarafa ya wilaya yetu wenyewe, hupata mvua ya karibu milimita 1,900 kwa mwaka; shuka bondeni, kisha uelekee Handeni, uone tofauti. Kumwambia mjomba kwamba mvua itakuwa "wastani hadi juu ya wastani" hakumsaidii kuamua kama apande leo au asubiri wiki moja. Utabiri wa siku kumi upo. Ukishushwa hadi kwenye kata, kupitia afisa ugani mwenye simu mkononi, ungeokoa mbegu nyingi.

Hata hivyo utabiri peke yake hautoshi. Mtu anaweza kujua kabisa kwamba mvua itakatika na bado akauza maua, kwa kuwa nyumbani hakuna kitu. Halmashauri zinatakiwa kutenga asilimia 10 ya mapato yake ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Ni jambo jema na nimeona wanawake walioinuka nalo. Mzee mwanamume wa miaka sitini na kitu hamo katika makundi hayo. Malori ya machungwa yanayotoka hapa yanalipiwa ushuru msimu mzima. Kwa nini sehemu ya ushuru huo isirudi mwezi wa Septemba kama mkopo wa mbegu, ulipwe machungwa yakichumwa? Mwenye korosho anaweza kuweka mazao yake ghalani akasubiri mnada. Chungwa halisubiri, kwa hiyo msaada wake lazima uje kabla ya ua.

Juzi mjomba alinipigia simu. Alikuwa ameshasafisha shamba, na dalali ameshapita mara moja kusalimia. Aliuliza kama nimesikia chochote kuhusu vuli. Nikamsomea utabiri wote wa pwani ya kaskazini, neno kwa neno, naye akasikiliza hadi mwisho.

"Sawa, mjomba," akasema. "Na huku kwetu je?"