Mwenzenu Nimemtukana Mgeni kwa Maiki

Naomba nianze na sahihisho. Si mara nne. Ni mara tatu. Redio (hilo ndilo jina la rafiki yangu kuanzia juzi, na mwenyewe anajijua) ametangaza kutoka kituo cha daladala mpaka kwa mama wa maandazi kwamba nimemtukana mzee wa Kikorea mara nne, mzee akazimia. Hakuzimia. Alikuwa amesimama, akakaa. Watu wazima hukaa.

Ilikuwa Ijumaa. Leo Jumapili. Kesho napita geti lilelile, ndiyo maana naandika.

Klabu yetu ya Kikorea pale shuleni mnaijua: Jumatano baada ya vipindi, watu kumi na moja, feni moja inayozunguka ikijisikia. Anayetufundisha ni dada wa Kikorea wa kujitolea, tunamwita Sonsengnim, yaani mwalimu. Jina lake hatulitaji, kwao mwanafunzi kumwita mwalimu kwa jina ni sawa na wewe kumwita Mkuu wa shule "oya".

Shughuli yenyewe ilikuwa ya Hangul, maandishi yao. Korea Kusini kila tarehe 9 Oktoba ni sikukuu ya taifa kwa ajili ya herufi. Herufi! Mfalme Sejong alizikamilisha 1443, akazitangaza 1446 zikiwa 28, leo zinatumika 24. Nyie mnaosema ni kuku kakanyaga wino, hamjakaa nazo jioni mbili. ㅁ ni mdomo. ㄴ ni ulimi umepanda ukagusa nyuma ya meno. Mimi nilizishika kwa siku tatu, na hapo ndipo kiburi kiliponiingia. Nikaanza kuwasahihisha watu majina ya waigizaji wa tamthilia. Nikaanza kusema "ne" badala ya "ndiyo" nyumbani, mpaka mama akauliza, "Nne nini?"

Basi, nikachaguliwa kujitambulisha mbele ya wageni. Sentensi tano tu:

Annyong hashimnikka. Chonun Jawadi imnida. Tanjania saramimnida. Yolyodol sarimnida. Mannaso pangapsumnida.

Hamjambo, naitwa Zawadi, ni Mtanzania, nina miaka 18, nafurahi kukutana nanyi. Jawadi ni mimi. Kikorea hakina Z. Hakina F pia, na jina la Redio linaanza na F, kwa hiyo akaandikwa P. Nilimcheka wiki nzima. Mungu anaona.

Mtu atauliza umri unaingiaje kwenye salamu. Unaingia, tena mapema, maana Mkorea asipojua nani mkubwa hajui kitenzi akimalizie wapi: mkubwa ana mwisho wake wa heshima, rika ana wake. Ni ile hesabu unayoipiga ukikutana na mtu kichochoroni: huyu ni shikamoo au ni mambo? Sisi tunakadiria kwa jicho na kukosea. Wao wanauliza.

Sasa namba. Wana seti mbili. Ya kwanza ni ya asili yao: hana, tul, set, net. Ya pili ilitoka Kichina: il, i, sam, sa. Bei, tarehe, namba za simu, dakika: za Kichina. Kuhesabu vitu, saa, na miaka ya mtu ukitumia neno "sal": za asili. Kwa hiyo saa moja tu inabeba seti zote mbili: saa tisa na nusu yetu ni "se shi samship pun", tatu ya asili, thelathini ya Kichina. Wala si ajabu. Bibi yangu wa Mombasa akiwa na wenzake anahesabu thenashara mpaka themantashara, akinituma sokoni anasema kumi na nane.

18 ya asili ni yol na yodol, kumi na nane, ukiziunganisha ulimi unateleza zinasikika "yollyodol". Jaribu haraka mara tatu. Enhee.

18 ya Kichina ni ship na pal. Shippal. Nyepesi, inamezeka kama uji. Na hapa ndipo penye kaburi langu, maana shippal imejenga ukuta kwa ukuta na tusi zito la Kikorea. Silitaji. Jueni tu ni lile analolitoa mtu aliyejigonga kidole cha mguu kwenye chaga ya kitanda usiku. Wanafunzi wa Korea wenyewe huichekea hiyo 18. Ili namba igeuke tusi inatakiwa ubane S na uimeze ile P ya katikati. Mkorea hakosei, S yake mbele ya I ni laini, inaelekea "sh". S yetu sisi ya "sisi" ni ya kukata majani.

Na mimi wiki ile nilikuwa bingwa wa kubana. Sonsengnim alitufundisha kwa tishu: unachana kipande cha upana wa vidole viwili, unakishika karibu na midomo. Unasema "tal" ya kawaida, maana yake mwezi, tishu inatikisika kidogo. Unasema ya kutoa pumzi, kinyago, tishu inaruka. Unasema ya kubana koo, binti, tishu inatulia tuli. Bibi alinishangaa nahangaika, akasema mbona kwao kaa wa baharini ana pumzi na kaa la moto halina, na mtoto wa miaka mitatu anazitofautisha. Sikumsikiliza. Nikabana. Nilibana kila herufi mpaka nilipokuwa nanunua sukari.

Kingine nilichokuwa nimefuzu ni kutoongeza irabu mwishoni. Sisi kila neno tunalimalizia kwa irabu: benki, kitabu, hata ship yao tunaifanya shipi. "Funga midomo, usifungue," Sonsengnim alikuwa anasema. Nikafunga.

Ijumaa, ukumbini. Wanafunzi kama mia tatu, walimu mstari wa mbele, wageni wanne katikati, na mzee mmoja mwenye mvi safi, tai ya bluu, mikono juu ya magoti. Wote wakanyanyuka kidogo kunipokea. Nikafanya kama tulivyofundishwa: hatua mbili kutoka kwenye maiki, mikono ubavuni, unainama kutoka kiunoni kama nyuzi 30, macho chini (ukiinama huku unamkodolea mtu unaonekana unataka kumkamata miguu), unahesabu moja, unainuka. Safi kabisa. Mzee akatabasamu.

Jina likapita. Utanzania ukapita. Nikafika kwenye umri.

Yol ikaja. "Yol…" Halafu nikaangalia mbele nikamwona Redio ameshika simu anarekodi. Yodol ikaondoka. Aisee, niliiona ikiondoka, kama daladala imejaa. Ukumbi kimya. Feni inazunguka. Kichwani imebaki ile nyepesi, ile ya bei, tuliyoizoea kwa kuuziana kalamu darasani.

Nikabana S. Nikafunga midomo kwenye P na sikuifungua. Nikaachia "pal" na pumzi zote, tishu ingefika kwa Mkuu.

Ule mwangwi wa ukumbi wetu mnaujua. Tusi likaenda mpaka ukuta wa nyuma, likagonga, likarudi kusalimia.

Tabasamu la mzee halikuondoka. Lilibaki pale pale, ila macho yakalihama. Dada mmoja wa Kikorea pembeni yake akainama kufunga kamba za viatu. Alikuwa amevaa ndala.

Nikamtazama Sonsengnim. Akanyanyua mikono, akaipishanisha mbele ya kifua, alama ya X. Jamani, kwao hiyo ni "hapana, sivyo". Alitufundisha mwezi wa saba. Mimi kwa ile presha nikaona mtu ananikumbatia kwa mbali. Nikasema moyoni, mwalimu kaguswa! Nikasogea karibu na maiki, nikarudia. Kwa hisia.

X ikawa kubwa zaidi. Sasa anaitikisa. Nikajua hawanisikii nyuma.

Ile ya tatu niliitenganisha, silabi kwa silabi, nikimtazama mzee machoni, na nikaongeza kidole kujionyesha kifuani, kwamba ndiyo mimi mwenyewe.

Ndipo mzee akakaa.

Hapo Sonsengnim alikuwa ameshafika jukwaani, ananinong'oneza, "Yolyodol! Yolyodol!" Na mimi kama taa imewaka: seti nyingine! Tena hata kama ningeng'ang'ania ya Kichina, neno lake la miaka ni "se", lile la kwenye fomu, si "sal". Makosa mawili kwenye neno moja. Damu ikahama usoni ikaenda sijui wapi. Nikainama kuomba radhi, si 30 tena, hii ilikuwa 90, paji la uso likagonga maiki. Dwiii! Na kwa uchungu, malezi ya nyumbani yakatoka yenyewe, nikamwomba msamaha mzee wa watu kama mtoto aliyefundwa:

"Samahani, babu!"

Wadau. Mjinga kwa Kikorea ni "babo". Kuna hata namna ya kuliita kwa utani, kwa kudeka, inayomalizikia na U kabisa. Na babu kwa Kikorea ni "haraboji", neno nililolijua tangu wiki ya pili. Wiki ya pili!

Kwa hiyo alichokisikia yule mzee, kwa mpangilio, ni: hamjambo, naitwa Jawadi, ni Mtanzania, tusi, tusi, tusi mimi hapa, kitu cha Kiswahili, mjinga.

Yaliyobaki ni mafupi. Sonsengnim akamweleza mzee kwa kasi, mzee akaanza kutikisika mabega, nikadhani analia, kumbe anacheka mpaka miwani ikateleza. Akaniita, akaniambia "kwenchanayo", si kitu, akanipa daftari, nikalipokea kwa mikono miwili, angalau hiyo sikuikosea. Tukala kimbapu, ule wali wao wa kuviringishwa kwenye mwani. Mkuu wa shule, ambaye Kikorea hajui hata "ne", akanipongeza kwa kujiamini. Basi.

Ila tangu Ijumaa hiyohiyo mchana naitwa Kumi na Nane. Wale kidato cha tano, watoto wadogo kabisa, wananiona wanapishanisha mikono ya X kifuani. Redio ana video, na kila anayeitaka anamwambia aje kwanza asikie maelezo. We Redio, P wewe, nakuona.

Mwezi wa nne natimiza 19. Yol ahop. A-hop. Nimeibandika kwenye mlango wa choo, kwenye kioo, na bibi nimempa karatasi awe ananiuliza ghafla. Ya Kichina ni shipku, na hiyo nimemuuliza Sonsengnim mara mbili kama nayo ina jirani.