Tarehe 10 Oktoba tuliilala, sasa tumeikosa

Jameni mimi Ujerumani huu ni mwaka wa sita na kuna siku moja ya huku ikifika lazima niwaonee wivu. Jumapili ya pili ya mwezi wa tisa, tangu 1993, majengo ya kale nchi nzima yanafungua milango, mengi ni bure, hata yale ambayo siku nyingine unayapita tu nje, na si makasri pekee ati, mpaka kinu cha maji cha kijijini. Mwaka jana nilienda kwa hicho kinu, tukampata mzee mmoja ndevu zimejaa unga, akafungulia maji gurudumu likaanza kuzunguka na nyumba nzima ikatetemeka, kikombe changu cha kahawa kikawa kinatembea chenyewe mezani. Nusu ya maneno yake sikuyaelewa, lafudhi yake balaa, lakini nje magari yamepangwa mpaka barabarani, mengine namba za Uholanzi, na hao wote wamekula hapo, wamenunua unga, wengine wamelala.

Sasa sisi Kenya. Tarehe 10 Oktoba tulikuwa nayo. Ilikuwa Moi Day, ikageuzwa Huduma Day, afu ikawa Utamaduni Day nikasema haya, sasa ndo hii, kabla hatujaizoea 2024 ikawa Mazingira Day. Sina ubaya na miti, ipandwe. Lakini mgeni anakata tikiti miezi kabla, atapangaje safari ya kuja kwa sikukuu ambayo wenyewe hatujui mwakani itaitwaje? Na tuseme ukweli, hata ilipokuwa ya utamaduni wengi wetu tulifanya nini? Mimi kwetu najua tulifua nguo tukalala.

Halafu angalia Maulidi ya Lamu, haimo hata kwenye orodha ya sikukuu za taifa, lakini Mfungo Sita, mwezi aliozaliwa Mtume, ukikaribia watu washajua, wanatoka mbali kuja. Nilipelekwa na mamangu nikiwa mdogo, tukalala kwa binamu yake watu kumi na mmoja chumba kimoja manake gesti zote zimejaa. Kwenye mashindano ya punda mmoja akagoma kabisa, akasimama katikati ya njia, kijana wake anambembeleza kama anayeposa, na wazungu wameacha kupiga picha za mshindi wote wanampiga yeye. Hakuna kamati iliyopanga hilo.

Mimi nachotaka ni kidogo tu. Wachague tarehe wasiiguse tena, na siku hiyo mwananchi aingie Fort Jesus na magofu ya Gede bila kutoa kitu, fundi wa milango ya kuchonga aache karakana wazi watu wamuone akigonga patasi, hela ataziona akiuza. Kaya za Wamijikenda, ile misitu yao mitakatifu, hapana, pale si pa kutembeza watu, wazee ndio waseme wenyewe nani aingie na nani asiingie. Na hotuba jameni zipunguzwe, mtu hapandi ndege kuja kusikiliza mheshimiwa akimshukuru mheshimiwa mwenzake chini ya hema.

Juzi mwenzangu wa kazini, yule tulienda naye kinuni, kaniuliza na kwenu hiyo siku huwa lini, anataka kuomba likizo mapema. Nimemwambia nitamjulisha.