Gloria Grahame: kashfa ndiyo iliyommaliza, au mkataba?

Masimulizi ya maisha ya Gloria Grahame, mwigizaji wa filamu wa Hollywood, karibu yote hufuata mteremko mmoja. Alipata Oscar mwezi Machi 1953, akaota mapembe, akauharibu uso wake kwa upasuaji, kisha mwaka 1960 akaolewa na Anthony Ray, kijana aliyewahi kuwa mwanawe wa kambo, na Hollywood ikamfungia mlango. Hadithi hiyo inanoga. Ila ukiiweka kando ya orodha ya filamu zake, haikai.

Mwaka 1952 zilitoka filamu nne zenye jina lake, 1953 nne, 1954 tatu, 1955 tatu. Baada ya hapo, 1956 moja, 1957 moja, 1958 hakuna, 1959 moja. Harusi ya kashfa ni ya 1960. Kazi ilikuwa imekwisha kupungua miaka minne kabla ya mtu yeyote kuwa na sababu ya kushtuka.

Wanaoshikilia kashfa hujibu kwamba sifa yake ilikuwa mbaya tangu zamani. Ni kweli kwamba Juni 1948, talaka ya mume wake wa kwanza, Stanley Clements, ilipopita, aliolewa siku hiyohiyo na mwongozaji Nicholas Ray, akiwa mjamzito. Lakini kama talaka na minong'ono vingetosha kumnyima kazi, mwaka 1952 ungekuwa mkavu kuliko yote, maana ndio mwaka alioachana na Ray rasmi. Badala yake ndio uliompa The Bad and the Beautiful na Oscar ya mwigizaji msaidizi, kwa kuonekana kwenye skrini kwa dakika tisa na ushei tu. Hakuna aliyekuwa ameshinda tuzo ya uigizaji kwa muda mfupi hivyo, hadi Beatrice Straight alipoipata kwa dakika kama tano ndani ya Network ya 1976.

Upande wa pili, unaosema mkataba wa studio ndio uliommaliza, unaanzia kwenye karatasi. Grahame alizaliwa Los Angeles tarehe 28 Novemba 1923, binti wa mwigizaji wa jukwaani aliyekuwa pia mwalimu wake wa kwanza. Louis B. Mayer, mkuu wa studio ya MGM, alimwona kwenye jukwaa la Broadway, New York, akamsainisha mwaka 1944. MGM haikujua imfanyie nini. Mwaka 1947 ikauza mkataba wake kwa studio nyingine, RKO. Mwaka huohuo, kwa maonyesho machache tu ya Crossfire, akateuliwa kugombea Oscar kwa mara ya kwanza.

Mikataba ya zama zile ilikuwa na mtego wa upande mmoja. Muda wake ulifika hadi miaka saba, ambao ndio ukomo wa sheria ya California, lakini ulikatwa vipande vipande. Kila kipande kikiisha, studio ndiyo iliyoamua kuendelea au kuachana, na mwigizaji hakuwa na haki hiyo. Akikataa nafasi aliyopewa, alisimamishwa bila mshahara. Studio nyingine ikimtaka, ilibidi imwazime kwa mwenye mkataba: inalipa bei kubwa, yeye anapewa mshahara wake uleule, tofauti inabaki kwa studio yake. Mtu angeweza kuwa ghali sokoni na mfukoni asione kitu.

Angalau biashara hiyo ya kuazimana ilimpa mwigizaji njia ya kufikia kazi nzuri za nje. Kwa Grahame njia hiyo iliziba mwaka 1948, Howard Hughes aliponunua RKO. Hughes alikuwa tajiri wa mitambo ya kuchimbia mafuta na ndege. Faida ndogo ya kumwazima mwigizaji haikumhangaisha. Grahame alitakiwa kwa Born Yesterday na A Place in the Sun, naye alizitaka. Hughes akakataa. Ya kwanza ilimpa Judy Holliday Oscar, ya pili ikampa Shelley Winters uteuzi. Grahame akapangiwa Macao, nafasi ya pembeni nyuma ya Jane Russell, filamu iliyopigwa 1950 na kukaa kabatini hadi 1952. Nicholas Ray aliitwa kurudia baadhi ya maonyesho yake, na inasimuliwa kwamba Grahame alimwambia: ukiweza kunikata kabisa kwenye filamu hii, sitakudai matunzo. Mwaka 1951, akiwa na miaka 27, hana filamu hata moja.

Hapo ndipo naona upande wa mkataba una nguvu zaidi. Miaka ambayo mwigizaji wa kike wa Hollywood alijijenga ilikuwa michache, na miwili kati yake alinyang'anywa na mtu ambaye hakuwa na mpango naye.

Aliazimwa kwa In a Lonely Place ya 1950, na hilo pia halikuwa kwa wema. Kampuni ya Humphrey Bogart ilimtaka Lauren Bacall, mkewe Bogart, Warner Bros. ikakataa kumtoa, nafasi ikamwangukia Grahame. Mwongozaji alikuwa Nicholas Ray, na kwa kuwa ndoa ilijulikana ina mikwaruzano, alisainishwa kifungu kinachompa mumewe mamlaka ya kumwelekeza, hata kumwamuru, kuanzia saa tatu asubuhi hadi saa kumi na mbili jioni, kila siku isipokuwa Jumapili. Katikati ya kazi wakatengana, wakaficha ili mmoja wao asiondolewe. Mswada ulimtaka Bogart amnyonge mwishoni. Ray akaipiga hivyo, akaichukia, akabadilisha. Katika mwisho tunaouona leo wote wawili wako hai na hakuna kilichobaki kati yao. Grahame anaubeba kwa uso tu: hofu na mapenzi vinapishana bila moja kulifuta jingine.

Ufundi wake wote umekusanyika katika The Big Heat ya Fritz Lang, ya 1953. Anaigiza Debby, kimada wa jambazi aitwaye Vince, ambaye ni Lee Marvin. Kanuni za udhibiti za wakati ule zisingeruhusu mtu aonyeshwe akimwagiwa kahawa ya moto usoni. Lang anatuonyesha chombo kikichemka, kisha Vince akikitwaa. Kinachofuata ni ukelele, halafu Debby anakimbia ameushika uso. Pigo lenyewe halimo, na watazamaji wengi hutoka wakiapa wameliona.

Kazi ngumu inakuja baadaye, pale nusu ya uso inapofungwa bendeji. Mwigizaji wa kawaida angeongeza machozi na mikono. Grahame anafanya kinyume, anapunguza mwendo na kushusha sauti, na ule utani wa mwanzo anaubakiza, ila sasa haumchekeshi hata yeye. Anapokwenda kwa Bertha Duncan, mjane anayewatoza majambazi fedha kwa kuficha barua ya marehemu mumewe, anamwambia kwamba wao ni ndugu chini ya makoti yao ya manyoya, kisha anamfyatulia risasi. Anafanya lile ambalo polisi anayeigizwa na Glenn Ford amelishindwa kwa sababu ya dhamiri. Akifa, koti hilohilo linafunika upande ulioungua.

Na ndani ya ushindi huo kuna kifungo cha pili ambacho mashabiki wake husahau. Udhibiti ulidai mwanamke mwenye dhambi alipe. Debby anapigwa risasi. Katika Human Desire ya 1954, Vicki ananyongwa na mumewe ndani ya treni. Grahame aliigiza wanawake hao vizuri mno, waliopanga waigizaji wakaacha kumfikiria kwa lingine. Kisha soko lenyewe likahama kwa televisheni, rangi na skrini pana, na noir, zile filamu za uhalifu na vivuli za bei nafuu, zikapoteza nafasi.

Je, yeye mwenyewe hana lawama? Anayo, na hapa watetezi wa nadharia ya mkataba huteleza. Oklahoma! ya 1955 ilikuwa tiketi yake ya kutoka kwenye noir: filamu kubwa ya muziki, nafasi ya kuchekesha. Hakuwa mwimbaji, nyimbo zake ziliungwa kwa vipande vya rekodi tofauti. Isitoshe, filamu hiyo ilipigwa kwa mifumo miwili ya skrini pana, Todd-AO na CinemaScope, kwa hiyo kila onyesho lilichezwa upya kwa kamera ya pili. Kazi ya namna hiyo inamtaka mwigizaji anayerudia hatua na ishara zilezile. Yeye alibadilisha kila mara, akagombana na wenzake, na sifa ya usumbufu ikatoka pale. Mwongozaji wa noir angeita hiyo kipaji. Kwenye filamu ya muziki ni hasara ya fedha.

Pia kuna mdomo. Aliamini mdomo wake wa juu ni mwembamba, akawa anaujaza karatasi laini kwa ndani, baadaye akarudia upasuaji hadi neva zikaumia na mdomo ukafa ganzi. Matamshi yalibadilika. Wengine hukisifu kile kiulimi kizito kama mtindo wake. Mimi naona kilimsaidia kwa Debby na kumbana kila mahali pengine.

Kashfa ya 1960 ilifanya kazi yake, lakini kwa kuzuia kurudi. Odds Against Tomorrow ya 1959 ingeweza kuwa mlango wa nafasi za wanawake wa makamo. Baada yake hakuna filamu hadi 1966. Katikati kuna kesi ya malezi ya binti yake dhidi ya Cy Howard, mume wa tatu, na kuvunjika akili kulikofuatiwa na matibabu ya mishtuko ya umeme. Linganisha na Barbara Stanwyck, aliyehamia televisheni na kupata kipindi chake mwenyewe. Grahame alipata nafasi za mwigizaji mgeni tu katika vipindi vya wengine, na jukwaa. Alikuwa Lancaster, Uingereza, akijiandaa kwa The Glass Menagerie, saratani ilipomwangusha mwaka 1981. Alifariki New York tarehe 5 Oktoba, akiwa na miaka 57.

Anayetaka kuupima ubishi huu mwenyewe asianze na wasifu wake. Atazame Crossfire, The Big Heat na Odds Against Tomorrow kwa mpangilio huo. Katika ya mwisho ana maonyesho machache, jirani anayemuuliza Robert Ryan ilikuwaje alipomuua mtu, na udadisi wake unatisha kuliko jibu. Kipaji bado kipo chote pale, miaka sita baada ya Oscar. Kilichopungua ni idadi ya watu waliokuwa tayari kukiandikia kitu.