Fizio ya Nyonga Haiwezi Kushindwa Kabla ya Kufanywa

Kinachoniudhi katika habari ya mpwa wangu si kwamba ameshauriwa afanyiwe upasuaji wa nyonga yake inayobana, bali ni sababu aliyopewa: eti fizio, yaani tiba ya mazoezi ya viungo, imeshindwa. Kundi letu la familia kwenye WhatsApp limegeuka kamati ya mchango, kila mtu anaandika jina na ahadi yake, na hakuna aliyeuliza ni fizio gani hiyo iliyoshindwa. Mimi nilimsindikiza kliniki na nikaona. Alilazwa nyuma ya pazia, akawekewa pakiti ya moto kwenye kinena, akabandikwa nyaya za mashine ya umeme juu ya paja, kisha mhudumu akaenda zake kwa mgonjwa mwingine hadi mashine ilipolia. Alipotoka alipewa risiti pamoja na karatasi ya mazoezi iliyokwisha kutolewa nakala juu ya nakala, hata michoro ya miguu haionekani vizuri. Hakuna aliyemtazama akichuchumaa, akishuka ngazi wala akisimama kwa mguu mmoja, ilhali kijana huyu ni winga wa timu ya mtaa huko Umoja, na maumivu yake humshika anapogeuka kwa kasi au anapoinuka kwenye kiti cha matatu baada ya foleni ya Barabara ya Jogoo.

Nyonga inapobana, kinundu kilicho kwenye shingo ya mfupa wa paja, au ukingo wa kikombe cha nyonga, yaani shimo ambamo kichwa cha mfupa huo huzunguka, uliotokeza kupita kiasi, hugongana na mwenzake mtu anapokunja paja na kuligeuzia ndani, na gegedu la ukingoni huumia. Pakiti ya moto haiondoi mgongano huo. Mazoezi nayo hayakwangui mfupa, na hapo ndipo wengi hukata kauli kwamba fizio ni kupoteza wakati. Kauli hiyo haisimami, kwa sababu watu wengi, hasa wanamichezo, wana kinundu hicho hicho na hawaumwi. Makubaliano ya wataalamu yaliyofikiwa Warwick, Uingereza, mwaka 2016 yanataka mambo matatu yakutane, yaani dalili za mgonjwa, anachokiona daktari anapompima, na picha. Picha pekee haitoshi. Ikiwa umbo lile lile linamtesa mmoja na kumwacha mwingine akicheza, basi namna nyonga inavyotumiwa na nguvu ya misuli inayoishikilia ni sehemu ya ugonjwa, na sehemu hiyo fizio inaiweza.

Lakini ni fizio inayofanya kazi. Mgonjwa huanza kwa kulala chali na kuinua makalio, kisha hufanya hivyo kwa mguu mmoja; hufungwa mpira juu ya magoti akatembea kiubavu; hushuka kidato polepole huku mtaalamu akiangalia goti lisiangukie ndani. Uzito huongezwa kadiri maumivu yanavyoruhusu, tumbo na mgongo hufundishwa kushirikiana na nyonga, na kuchuchumaa hadi chini huachwa kwanza. Kuivuta nyonga kwa nguvu hadi mwisho wake, jambo ambalo baadhi ya makocha wetu wanalipenda sana, huweza kuchochea maumivu yale yale. Kazi hii huchukua angalau majuma 12, na mara nyingi zaidi.

Sitaficha upande wa pili. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa katika jarida la Lancet mwaka 2018, wenye wagonjwa 348 kutoka hospitali 23, ulilinganisha upasuaji wa kamera, ule wa kupitia matundu madogo, na fizio iliyopangwa kwa kila mgonjwa, na baada ya mwaka mmoja waliopasuliwa walikuwa mbele kwa wastani wa pointi 6.8 katika kipimo cha pointi 100 cha hali ya nyonga. Ni tofauti ya kweli, nami naikubali. Hata hivyo, makundi yote mawili yalipata nafuu, upasuaji uligharimu zaidi, na fizio iliyolinganishwa pale ilikuwa na mtaalamu aliyekutana na mgonjwa mara 6 hadi 10 katika majuma 12 hadi 24, akimpandishia mazoezi hatua kwa hatua. Anayetumia utafiti huo kuidharau fizio, huku yeye mwenyewe anatoa pakiti ya moto, anawadhulumu wagonjwa wake. Tena aliyepasuliwa hurudi kwenye mazoezi yale yale, kwa hiyo kisu hakimwepushii mtu kazi hiyo.

Kuna na suala la pesa, kwa kuwa kulipia kila ziara huwafanya wengi kuacha njiani. Kuna na la wataalamu, ambao tunao. Chuo cha mafunzo ya tiba cha Kenya, KMTC, kimewafunza kwa miaka mingi, na wengi wao wanajua kazi hii kikamilifu wakipewa nafasi na muda.

Ninachoitaka kliniki ile, na nimekwisha kuiandikia, ni rekodi ya mpwa wangu: mazoezi gani alifanya, kwa uzito gani, kwa majuma mangapi, na nani alimpima tena nguvu za nyonga kabla ya kuandika kwamba tiba imeshindwa. Rekodi hiyo ikionyesha kazi iliyofanywa ikagonga mwamba, nitachangia upasuaji kwa moyo mmoja. Isipokuwepo, naomba familia isimamishe mchango kwa majuma 12, na sehemu ya fedha hizo imlipe mtaalamu wa kumfanyisha mazoezi.