Kabla hujainunua Subaru ya tabo, chomoa kijiti cha oili

Taja Subaru yenye tabo kwenye gereji yoyote ya Nairobi au Dar es Salaam, utaambiwa mambo mawili: inakunywa mafuta na inanoki ovyo. La mafuta ni kweli. La kunoki nalipinga kidogo. Injini ya EJ20, ile ya cc 1994 yenye silinda nne zilizolala, si dhaifu kama inavyosemwa. Nyingi zilizokufia huku zimeuawa na oili iliyopungua bila mtu kuangalia, petroli isiyolingana na ramani ya kompyuta (mpangilio wa mafuta na cheche uliomo kwenye kompyuta ya injini), na bomba la hewa lililobadilishwa ili gari lipige kelele. Kwa hiyo msimamo wangu ni huu: ukitaka Impreza WRX, STI au Forester ya tabo, itafute ile isiyovutia macho barabarani. Rimu za kiwanda, ekzosi ya kiwanda, boksi la chujio la hewa la kiwanda. Iliyokwisha kupambwa mwachie mwingine, hata ikiwa bei ni ya chini.

Mapenzi yenyewe yanaeleweka. Dereva wa rali Colin McRae alishinda Safari Rally na Impreza mwaka 1997, Richard Burns naye akafanya hivyo hivyo mwaka 2000, na watoto waliosimama kando ya barabara zile leo ndio wanunuzi. Bahati mbaya mapenzi hayo ndiyo yanayowafanya watu walipie beji.

Anza na namba ya chasisi, iliyogongwa kwenye ukuta kati ya injini na dashibodi. Kwa Impreza za kizazi cha 2000 hadi 2007, GDA ni WRX na GDB ni STI. Ikianza na GD3, mbele yako ni gari la lita 1.5 lililovishwa boneti yenye tundu la hewa, na wako wanaoliuza kwa bei ya STI. Kwa Forester, SG5 ni ya lita 2, yenye tabo au isiyo nayo, na SG9 ni ya 2.5 yenye tabo.

Kenya hairuhusu kuingiza gari lililozidi miaka minane, na GDB za mwisho zilitengenezwa 2007. Mlango wao ulifungwa kama miaka kumi iliyopita. Maana yake kila GDB inayouzwa Kenya leo imeshaishi na wenyeji muda mrefu, na karatasi ya mnada wa Japani, ile ya ukaguzi wa gari kabla ya kuuzwa huko, itakusimulia utoto wake tu. Tanzania bado unaweza kuagiza gari kuukuu ukilipia uchakavu, na hapo karatasi hiyo ina thamani. Alama 4 au 4.5 ni nzuri. R au RA ni gari lililowahi kugongwa likatengenezwa. Kwenye mchoro wa bodi, A ni mkwaruzo, U ni kibonde, W ni sehemu iliyonyooshwa, XX ni paneli iliyobadilishwa. XX kwenye fenda ya mbele peke yake haiogopeshi. Ikiambatana na R, omba picha za chini.

Siku ya kulikagua, mwambie muuzaji asiliwashe kabla hujafika, kisha ukifika gusa boneti. Ikiwa ya moto, rudi siku nyingine. Injini hizi zinasema ukweli zikiwa baridi. Chomoa kijiti cha oili kwanza, na usome pande zote mbili, kwa sababu cha EJ husoma kwa ubishi: upande mmoja unaweza kuonyesha imejaa na mwingine nusu. Chukua usomaji wa chini. Oili ikiwa chini ya alama ya mwisho, mazungumzo ya bei yameisha, kwani hujui imetembea hivyo kwa muda gani.

Ndipo liwashwe. Mlio mkavu kama wa cherehani unaopungua injini inapopata joto mara nyingi ni pistoni zinazocheza ndani ya silinda, na gari linaweza kuishi nao miaka. Unaoongezeka oili ikipata joto ndio wa kuogopa. Panda taratibu hadi mizunguko 3,000, achia mafuta, sikiliza inaposhuka. Ukisikia kugonga kuzito kwa chini, hiyo ni beringi ya konrodi (fimbo inayobeba pistoni), na jina lake lingine ni injini mpya. Moshi wa bluu wakati wa kuwasha ni oili inayopita kwenye vali au tabo. Mweupe usiokwisha wenye harufu tamu ni maji ya rejeta. Fungua tangi la maji injini ikiwa imepoa: mapovu yanayoendelea kupanda injini ikiwashwa, au mafuta juu ya maji, yanaelekeza kwenye gasketi ya hedi.

Lipa fundi apime kompresheni, yaani shinikizo la hewa inapobanwa, ya silinda zote nne. Hapa kuna mtego wa watu wa bara. Hewa ya Nairobi, kwenye mita 1,700 hivi, ina shinikizo pungufu kwa takriban asilimia 18 kulinganisha na ya Mombasa, hivyo namba zitakuwa chini ya kitabu hata injini ikiwa nzima. Linganisha silinda kwa silinda. Tofauti inayozidi asilimia 10 inahitaji maelezo, na kwenye injini za 2.5, silinda ya nne ikiwa ndiyo iliyoshuka, shuku ukingo wa pistoni uliovunjika kati ya ringi.

Kipimo kingine wachache hukifanya ingawa ni rahisi: unganisha kompyuta ndogo kwenye soketi ya uchunguzi na usome namba inayoitwa IAM. Ndiyo kompyuta ya injini inavyoeleza imani yake kwa petroli. Kwenye kompyuta za zamani kiwango chake cha juu ni 16, kwenye za baadaye ni 1. Ukiikuta imeshuka, injini imesikia mchanganyiko ukilipuka kabla ya wakati na ikachelewesha cheche ili ijiokoe. Angalia pia kama betri imetoka kuchomolewa, kwa sababu kuichomoa hufuta kumbukumbu hiyo.

Sasa oili, maana hapo ndipo ulipo uhai. Injini hii inabeba lita 4 na kidogo. Kati ya alama mbili za kijiti ni takriban lita moja, yaani ikishuka hadi alama ya chini umepoteza karibu robo ya damu yake. Silinda zikiwa zimelala, kona ndefu hulimbikiza oili kwenye hedi za upande mmoja, na pampu ikinyonya hewa kidogo tu, beringi za konrodi ndizo hulipa. Pima kila unapojaza mafuta, gari likiwa sehemu tambarare na limepumzika. Badilisha kila kilomita 5,000. Kiwanda kilisema 5W-30; kwa joto la pwani na mguu mzito naona 5W-40 sintetiki inafaa zaidi. Chujio liwe la Subaru, kwa kuwa vali yake ya dharura hufunguka kwenye psi 23 hivi, na mengi ya bei nafuu hufunguka mapema na kuruhusu oili isiyochujwa. Oili ya kwanza ukiimwaga, lipasue chujio kuukuu na utandaze karatasi yake juani. Chembe za rangi ya shaba ni beringi.

Injini zenye AVCS (mfumo wa kubadilisha wakati wa vali kufunguka), baadhi yake, zina vichujio vya wavu ndani ya boliti za mabomba ya oili. Kile kinacholisha tabo huziba kwa masizi, tabo inakauka na kufa, kisha vipande vyake vinaimaliza injini. Ni boliti ndogo. Ifunguliwe na kusafishwa mara tu ukinunua. Sampu, yaani bakuli la oili chini ya injini, ikiwahi kushushwa, bomba la kunyonyea oili likaguliwe pale lilipochomelewa, maana hupasuka.

Petroli. STI za Japani zilipangwa kwa oktani 100 (kipimo cha petroli kuhimili bila kulipuka mapema), na petroli ya vituo vyetu iko chini ya hapo. Kwa hiyo nguvu farasi 280 zilizoandikwa huzipati hapa, na usizitafute. Dawa ni ramani mpya iliyopangwa kwa petroli ya hapa, fundi akiwa na kipima mchanganyiko wa hewa na mafuta kwenye ekzosi. Wengi hufanya kinyume: wanafunga bomba pana la hewa na kuacha ramani ileile. Kompyuta hukadiria hewa kwa sensa iliyo ndani ya bomba la kipenyo kinachojulikana. Ongeza kipenyo, na hewa ileile itaonekana ndogo, mafuta yatakuwa pungufu, joto litapanda, pistoni itavunjika. Vali ya kupumulia nje inayopiga “pshhh” nayo humwaga hewa ambayo kompyuta imeshaihesabu. Turbo taima, kifaa cha kuiacha injini iungurume kidogo baada ya kutoa ufunguo, siioni kuwa lazima: endesha taratibu kilomita ya mwisho, inatosha.

Mkanda wa taimingi hubadilishwa kila kilomita 100,000, na ukikatika vali hugongana na pistoni. Kwa gari lisilo na kumbukumbu, badilisha wiki ya kwanza: mkanda, tenshena, puli zake zote, pampu ya maji na thamostati ya Subaru halisi. Fundi awe amewahi kuifanya kazi hii kwenye injini ya kamshafti nne. Zile za upande wa kushoto hukaa zikisukumwa na springi, na zikiruka mkononi zinaweza kupinda vali hata injini haijawashwa. Kujaza maji nako kunahitaji subira, pua ya gari ikiwa imeinuliwa, kwa sababu hewa hujificha humo.

Mwisho ni matairi, ambayo watu huyadharau. Magurudumu yote manne yanaendeshwa, kwa hiyo tairi moja jipya kati ya matatu yaliyolika hufanya difa ya kati, inayogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, izunguke bila kupumzika hadi iungue. Nunua manne kwa pamoja, au hakikisha tofauti ya mzunguko haizidi milimita 6 hivi. Kabla ya kununua rimu ujue STI za mwanzo ni 5×100 (nati tano kwenye duara la milimita 100) na za baadaye 5×114.3. Kisha, gari likiwa na joto, kata usukani hadi mwisho na uzunguke polepole kwenye uwanja wa lami, kulia na kushoto. Likiruka-ruka kama limefungwa breki, difa au klachi zake za kati zimechoka. Kwenye giaboksi ya gia tano sikiliza gia ya pili ikilalamika unapoiingiza kwa haraka, na uipime ya tatu chini ya mzigo, kwani meno yake huvunjwa na wapenda kuondoka kwa kasi kwenye mataa.