Jini ya Nyali, mnazi wa Kisauni

Baa za Nyali, hapa Mombasa, siku hizi zina orodha ya pombe ya jini peke yake. Unaletewa glasi pana yenye mguu, barafu tele, kipande cha tango, punje mbili tatu za pilipili manga na kichupa cha toniki pembeni. Ukiingia Kisauni ndani, chini ya minazi, utakuta mangwe: viti vya mbao, wazee kwa vijana, na mnazi, yaani tembo la utomvu wa miti hiyo, unaonywewa kwa mrija wenye kichujio. Wa kwanza tunawaita wastaarabu. Wa pili, askari wakifika, wanatimua mbio.

Nimelelewa katika nyumba isiyoingia kileo na mpaka leo sinywi. Naandika kwa sababu ya mgema, ambaye naona hatumtendei haki.

Hiyo jini tunayoiona ya heshima ilikuwa aibu ya London katika karne ya 18. Mchoro wa msanii William Hogarth wa 1751 unaonyesha mama mlevi ameketi ngazini, mtoto anamponyoka mikononi. Serikali ilijaribu mkono wa chuma kwanza: sheria ya 1736 iliweka leseni ya pauni 50 kwa mwaka, fedha ambazo muuzaji mdogo hakuwa nazo. Biashara ikahamia vichochoroni, na mwaka 1743 sheria ikafutwa. Ile ya 1751 ilibana njia za kuuzia, watengenezaji wasimpe bidhaa asiye na leseni. Ulevi ukapungua, ingawa mavuno mabaya ya nafaka na kupanda kwa bei vilisaidia sana, na hilo tusilifiche.

Kwa muda mrefu baadaye kazi ya kutengeneza jini ilibaki mikononi mwa viwanda vikubwa. Mamlaka ya kodi ya Uingereza ilikuwa haitoi leseni kwa mtambo wa kutonesha usiofika lita 1,800. Kampuni ya Sipsmith iling'ang'ana mpaka ikapewa leseni ya mtambo mdogo mwaka 2009, na wengine wengi wakafuata mlango ule ule. Hata Nairobi kuna jini inayoitwa Procera, iliyotengenezwa kwa matunda ya mti wa mutarakwa wa nyanda zetu za juu, na wageni wanaitafuta.

Basi tumtazame mgema. Asubuhi anapanda na kotama kiunoni, anakata karara, ala ya maua ya mnazi, ubapa mwembamba kama karatasi, anatundika kibuyu, anashuka. Jioni anapanda tena. Utomvu ule huanza kuchacha saa ile ile. Kufikia kesho yake umeshakuwa mkali, na ukizidi kukaa ni siki. Maana yake, mgema hana akiba. Anauza leo kwa bei ya leo, ama anamwaga.

Wahenga wa pwani walijua dawa ya hilo. Kiswahili kina neno zarambo, yaani tembo la mnazi lililochemshwa na kutoneshwa mvuke wake. Sri Lanka wanafanya kitu hicho hicho kwa utomvu huo huo, wanakiita arrack, na ni biashara halali ya miaka mingi inayouzwa hadi ng'ambo. Goa, India, wana feni, pombe ya kutoneshwa ya mabibo, ambayo mwaka 2009 ilipewa ulinzi wa jina kisheria ili asiyekuwa wa Goa asilitumie. Yetu sisi, ikitoneshwa, imeingia katika fungu la chang'aa, pombe kali ya kienyeji, na aliyeitengeneza ni mhalifu.

Mtu ataniambia: lakini chang'aa ilihalalishwa. Kweli, sheria ya kudhibiti vileo ya 2010, ile inayoitwa ya Mututho kwa jina la mbunge aliyeipeleka bungeni, iliondoa marufuku. Ikataka chupa, maandishi ya onyo na leseni. Aliyekuwa na mtaji wa chupa na mashine aliingia. Mama mwenye sufuria na mtungi alibaki pale pale gizani, kama mwuzaji wa London wa 1736.

Na gizani ndipo watu wanapofia. Kirinyaga, Februari 2024, walikufa watu 17 kwa pombe yenye sumu. Katika misiba ya namna hii mshukiwa wa kwanza huwa methanoli, kemikali ya viwandani ambayo mfanyabiashara anaitia ili kileo kiwe kikali kwa gharama ndogo. Mwilini hugeuka asidi inayoua mishipa ya macho. Mtu anaamka haoni, na wengine hawaamki. Haina rangi, na ulimi hauwezi kuitofautisha na pombe ya kawaida. Inagunduliwa kwa kipimo tu, na kipimo hakiendi mahali ambapo kila mtu amejificha. Hili ndilo linalonikosesha usingizi: tukisema tunawalinda watu kwa kufukuza, tunamfukuza mwenye kibuyu na kumwachia nafasi mwenye pipa la kemikali.

Upande wa pili una hoja nzito. Mji huu una misikiti kila mtaa, na kwa Mwislamu haramu haihalalishwi na leseni. Yuko pia mama wa Majengo ambaye mwanawe ameshaharibikiwa. Hataki kusikia habari za kileo kilichopimwa na kisichopimwa, na nani atamlaumu? Tena mnazi una nguvu ya bia hivi, ukitoneshwa unafika asilimia 40. Ni kweli kabisa. Ila jini yenye nguvu hiyo tayari iko dukani mtaani kwake, chupa za mililita 250 zimepangwa kwenye rafu, kwa leseni. Kumnyima mgema hakujamwondolea mwanawe chupa hata moja.

Ninachotaka kaunti za pwani ziombe ni kidogo: leseni ya mtambo mdogo, kila mpiko upimwe methanoli kabla ya kuuzwa, kodi itakayozuia bei kuwa ya kuchezea, na jina la mgema kwenye chupa. Kwa sasa yeye yuko juu ya mnazi, jua linazama, na anajua cha kibuyuni lazima kiishe kabla ya kesho.