Nani aliwaambia kwamba ngoma ile ilikuwa chafu?

Jumamosi iliyopita tulialikwa kwenye arangetramu, yaani onyesho la kwanza la mchezaji peke yake, ya binti wa jirani yetu hapa Upanga, Dar es Salaam. Miaka minane nimemwona akishuka ngazi jioni kwenda darasani, njuga zake zikilia ndani ya mfuko, na siku hiyo alicheza kwa muda wa karibu saa mbili peke yake jukwaani. Miguu ilipiga sakafu mpaka tukaisikia kwenye viti. Mama yake alilia, nami nikalia, maana mtoto huyu amekulia mikononi mwetu sote pale ghorofani.

Kilichonitibua ni mshereheshaji. Kabla ya ngoma ya kwanza alituhadithia historia ya Bharatanatyamu, ngoma hiyo ya kale ya India Kusini: kwamba zamani ilikuwa mikononi mwa wanawake wa ovyo wa mahekaluni, ikaoza, kisha miaka ya 1930 wakaja watu wenye heshima zao wakaiokoa na kuisafisha, ndiyo maana leo mzazi anaweza kumpeleka bintiye bila aibu. Ukumbi mzima ukapiga makofi. Mimi mikono ilikataa. Wanawake hao wa ovyo wana majina, na mmoja wao ndiye mchezaji ambaye sijaona wa kumfikia.

Anaitwa Balasaraswati. Wanaompenda humwita Bala.

Alizaliwa Madras, mji wa India Kusini unaoitwa Chennai siku hizi, mwaka 1918, katika nyumba ya devadasi, wanawake waliowekwa wakfu hekaluni kwa kucheza na kuimba, kizazi cha saba cha ukoo wa wanamuziki na wachezaji unaorudi nyuma hadi Papammal, msanii wa ikulu ya Thanjavur karne ya 18. Bibi yake, Dhanammal, alikuwa mpiga vina, ala ya nyuzi, ambaye mafundi wakubwa wa mji walimfuata nyumbani kwake wakakaa chini kumsikiliza. Mama yake, Jayammal, alikuwa mwimbaji, na ndiye aliyesimama kidete mtoto afundishwe ngoma wakati hata ndani ya ukoo watu walishaanza kuiogopa. Mwalimu wake, Kandappa Pillai, alitoka katika ukoo wa ndugu wanne wa Thanjavur, wale waliopanga mtiririko wa onyesho unaofuatwa mpaka leo. Huo huo aliocheza binti wa jirani yangu! Mshereheshaji alikuwa anawatukana watu waliompangia programu yake ya jioni ile, toka ngoma ya kufungulia hadi ya kufungia.

Mwaka 1925, akiwa na miaka 7, Bala alicheza kwa mara ya kwanza mbele ya watu, hekaluni Kanchipuram. Miaka hiyo hiyo kampeni ya kupinga devadasi ilikuwa inapamba moto. Nakiri, tena kwa shingo upande, kwamba kampeni ile haikuzuka hewani. Wapo wasichana waliowekwa wakfu wakiwa wadogo, bila kuulizwa, wakaishia mikononi mwa wanaume wenye fedha. Muthulakshmi Reddy, daktari na mbunge aliyeiongoza vita ile, mama yake mwenyewe alitoka katika jamii hiyo, kwa hiyo siwezi kumwambia kwamba hakujua alichokuwa anasema. Sheria ya kukataza wasichana kuwekwa wakfu ilipitishwa Madras mwaka 1947. Sawa. Lakini sheria ya kuwakinga wasichana ni jambo moja, na kuwapokonya wanawake wazima fani waliyoirithi, kisha kuwaambia wajukuu kwamba bibi zao waliichafua, ni jambo jingine kabisa.

Maana ngoma haikufa. Ilihama nyumba. Ilikuwa ikiitwa sadir, ikapewa jina la Bharatanatyamu, na mabinti wa Kibrahmani, tabaka la juu la Wahindu, wakaanza kuicheza. Mmoja wao, Rukmini Devi Arundale, alipanda jukwaani mwaka 1935, na mwaka uliofuata akaanzisha shule ya Kalakshetra. Kazi yake ni kubwa, sibishi. Pengine bila shule yake ngoma hii isingefika Upanga. Ila naomba tusisahau alijifunza kwa nani: kwa Meenakshisundaram Pillai wa Pandanallur, na kwa Gauri Ammal, devadasi wa hekalu la Mylapore. Gauri Ammal huyo huyo ndiye aliyemfundisha Bala pia.

Ugomvi wenyewe hasa ulikuwa juu ya mahaba. Katika Bharatanatyamu kuna sringara, hisia ya mapenzi, na waliotaka kuisafisha ngoma waliona hiyo ndiyo sehemu yenye uchafu. Wakataka ipunguzwe, ibaki ibada. Bala alikataa, na hakukataa kwa ukaidi. Alikataa kwa sababu alijua kazi yake. Kwake sringara ndiyo ibada yenyewe, ndiyo hisia inayoweza kumfikisha mtu kwa Mungu kuliko nyingine zote. Mwaka 1975 alihutubia Madras akalifananisha onyesho zima na kuingia hekaluni: ngoma ya kwanza ni lango la nje, zinazofuata ni kumbi unazopita moja baada ya nyingine, na zile padamu, nyimbo za mapenzi zinazochezwa polepole, ndiyo mahali pa ndani kabisa, penye utulivu na giza, ambapo makelele ya ngoma yote yanabaki nje. Yaani kile walichotaka kukipunguza ndicho alichokiona patakatifu.

Tena padamu si ya kukatika viuno. Mwanamke amekaa, anamlalamikia shoga yake kwamba mpenzi hajaja. Basi. Mstari mmoja unaimbwa ukarudiwa, ukarudiwa tena, na kila unaporudi uso wa Bala unasema jambo jipya: hasira, kisha aibu ya hasira ile, kisha kumbukumbu ya usiku mmoja, kisha kukata tamaa. Mara nyingi alikuwa anaimba mwenyewe huku anacheza. Hakukariri hayo mapigo ya uso, aliyatunga palepale kutokana na muziki. Ndiyo maana wanafunzi wake alitaka wajue kuimba. Mtu asiyeusikia wimbo atabaki kuiga mikono tu.

Nikisikia neno kusafisha namkumbuka bibi yangu, kungwi. Nimemwona akiwafundisha wali, na nimewasikia watu wa mtaani wakisema ngoma zake ni uhuni. Miaka ikapita, kikundi kimoja cha utamaduni kikazichukua ngoma zile zile, kikazivalisha sare, kikaondoa maneno, kikazicheza mbele ya wageni wa heshima. Bibi hakualikwa. Nilimuuliza kama ameumia, akaniambia, "Mjukuu wangu, wamechukua miguu, maneno wameyaacha kwangu." Nilikuwa na miaka kumi na mbili, sikumwelewa. Nilimwelewa nilipomwona Bala.

Nilimwona kwenye filamu aliyoitengeneza Satyajit Ray, mwongozaji filamu wa India, mwaka 1976. Bala ana miaka karibu sitini, mwili umejaa, hana urembo wa jukwaa wa wasichana wa siku hizi. Yuko ufukweni, upepo unamvuta sari, bahari inavuma nyuma yake, naye anamwita Krishna mtoto, mungu wa Wahindu, aje, aje upesi. Mkono unaita. Jicho linambembeleza mtoto ambaye hayupo, nami nikajikuta natazama pale anapotazama yeye nikitegemea kumwona.

Kama ni heshima ndiyo inayotafutwa, ilimfuata. Tuzo ya Sangeet Natak Akademi, baraza la sanaa la taifa la India, mwaka 1955. Padma Vibhushan, moja ya nishani za juu kabisa za India, mwaka 1977. Music Academy ya Madras, ambako shule ya ngoma iliundwa kwa ajili yake miaka ya 1950, ilimpa mwaka 1973 taji la Sangita Kalanidhi, ambalo hakuna mchezaji aliyekuwa amelipata kabla yake. Na haya yalikuja baada ya miaka ya ugonjwa na ya kukosa majukwaa, wakati wengi walidhani amekwisha. Alicheza Tokyo 1961, tamasha la Jacob's Pillow kule Marekani 1962, Edinburgh 1963. Akawa anarudi Marekani kufundisha, ikiwemo Chuo Kikuu cha Wesleyan, ambako wadogo zake wa kiume Ranganathan na Viswanathan walifundisha mridangamu, ngoma ya kupigwa kwa mikono, na filimbi. Alifariki mwaka 1984. Binti yake Lakshmi aliichukua ngoma ya mama yake, na mjukuu wake Aniruddha anaicheza mpaka sasa.

Baada ya onyesho nilimfuata mshereheshaji nikamwambia kwa upole yote haya, kwa ufupi. Alinisikiliza, akasema maelezo yale alipewa yameandikwa, na kila arangetramu husomwa hayo hayo. Hilo ndilo lililoninyima usingizi, kwa sababu nilijua binti wa jirani naye ameyasikia tangu ana miaka saba.

Jana jioni alikuja kwangu na mama yake kunishukuru kwa zawadi. Nikawasha kompyuta, nikamwekea ile sehemu ya ufukweni. Hakusema neno. Ilipokwisha akaomba nirudishe mwanzo, na safari hii akainua mkono wake wa kulia, taratibu, akawa anajaribu kuita.